Mawe Yaliyokuja kwa Ndege

Sanduku lilifika Jumanne, limezungushiwa gundi ya karatasi pande zote kama mgonjwa aliyefungwa bendeji. Kilo 40. Ndani mlikuwa na mawe meupe, makavu, yenye vitundu vitundu kama mkate wa sinia. Nikayabeba hadi uani kwa nyanya yangu, Mji wa Kale, nikayapanga chini. Nyanya akatoka jikoni na mwiko mkononi, akaokota moja, akaligonga kwa ukucha.

"Haya si matumbawe haya?"

"Ndiyo, nyanya."

"Yatoka wapi?"

"Marekani."

Akalitazama jiwe. Akautazama ukuta wa nyumba yake, ambao kila palipobanduka chokaa unaona mawe yale yale. Halafu akacheka mpaka ikabidi akae kwenye kibao cha mbuzi. "Mombasa hii, mwaletewa matumbawe kwa ndege?"

Nilicheka pia, lakini si sana, maana mawe hayo ndiyo yaliyokuwa chakula changu mwezi huo. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Karo ilikwama, halafu na mimi nikakwama, nikarudi pwani. Naishi kwa kuandika vitu vya watu: maelezo ya nguo za dukani, hotuba za harusi, chochote kinacholipwa kwa M-Pesa. Mwezi huo hakuna aliyetaka maneno. Ndipo fundi mmoja wa matangi ya samaki akanipa kazi. Tajiri fulani wa Nyali alitaka bahari sebuleni: tangi la lita 400, maji ya chumvi, samaki na marijani hai. Kazi yangu ilikuwa kutayarisha mawe ya kuwekwa ndani.

Kuosha mawe, nikajiambia. Siku mbili tu hivi. Ilichukua karibu miezi mitatu, na katikati yake nilifanya jambo ambalo sijivunii. Lakini kwanza wacha nikueleze jinsi binadamu walivyofika mahali pa kusafirisha matumbawe yaliyokufa kwa ndege, kwa sababu nilipokuwa nasubiri mawe hayo, historia yake ndiyo niliyokuwa nasoma usiku.

Tuanze na mwanamke mmoja na mtumishi wake. Mwaka wa 1846, Anna Thynne alikwenda mapumzikoni Torquay, pwani ya kusini ya Uingereza. Mumewe alikuwa mtu mkubwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Huko Torquay aliona marijani ndogo za maji baridi zimeshikilia mwamba, akapenda, akazibeba hadi nyumbani ndani ya chombo cha maji ya bahari. Tatizo likajitokeza haraka. Maji ya bahari hayapatikani katikati ya London, na yakikaa yanaoza. Akabuni njia: maji yamiminwe kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, yapate hewa, tena na tena, kwa nusu saa au zaidi. Aliyekuwa akimimina hasa ni mtumishi wa nyumbani. Mwaka uliofuata Thynne akaongeza mimea ya baharini, na viumbe wake wakaishi karibu miaka mitatu. Jina la Thynne limeandikwa. La mtumishi mimi sikuliona popote, na mimi kama mtu wa ndoo najua mikono ya nani iliuma.

Miaka michache baadaye, jambo hilo likawa homa. Mwaka wa 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, ya kwanza ya aina yake kwa umma. Philip Henry Gosse, mtaalamu wa viumbe vya baharini aliyesaidia kuijaza, akatoa kitabu mwaka wa 1854 kilichofundisha watu kuweka bahari nyumbani. Familia zenye uwezo zikashuka pwani na ndoo, nyundo na patasi. Walibandua, wakabeba, wakaua nyumbani bila kukusudia, wakarudi kubandua tena. Mwaka wa 1907, mtoto wake Edmund Gosse, katika kitabu chake kuhusu maisha yake na babake, alisikitika kwamba vidimbwi vya mwambani alivyovijua utotoni vilikuwa vimemalizwa na wakusanyaji. Babake aliipenda bahari kwa dhati. Kitabu chake kiliituma nchi nzima kwenda kuikwangua.

Kitu ambacho watu hao wote hawakukijua ni kazi inayofanywa na jiwe. Walidhani jiwe ni pambo, au mahali pa kiumbe kushikilia. Mimi mwenyewe nilifundishwa jibu darasani, nikalikariri kwa mtihani, nikalisahau kabla ya kufika kibandani kwa chai. Samaki anatoa amonia, hasa kupitia matamvua yake. Amonia ni sumu. Katika maji yaliyofungiwa, samaki angejiua kwa uchafu wake mwenyewe. Kinachomwokoa ni bakteria. Kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, kundi lingine linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali ule. Mwaka wa 1890, Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa akifanya kazi Zürich, alifanikiwa kuwatenga bakteria hao na kuonyesha wanavyoishi. Yeye alikuwa akichunguza udongo. Nami nilikuwa nasomea kilimo, kwa hiyo jina lake nililiona kwenye ubao, nikaliandika, nikaendelea kuwaza karo.

Sasa fikiria jiwe la matumbawe. Kwa nje ni kama ngumi mbili. Kwa ndani ni vyumba juu ya vyumba, vitundu visivyohesabika, na kila ukuta wa kila kitundu ni makazi ya bakteria. Sehemu za nje zenye oksijeni wanakaa wale wanaogeuza amonia. Kwa ndani kabisa, oksijeni inapokwisha, wanakaa wengine wanaogeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni, ikarudi hewani. Jiwe ni mji mzima, wenye idara yake ya usafi.

Aliyeonyesha dunia jambo hilo kwa vitendo alikuwa Lee Chin Eng wa Indonesia. Mwaka wa 1961 aliandika katika jarida la wafugaji wa samaki kuhusu matangi yake: maji ya bahari, mwanga wa jua, viputo vya hewa, na mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe wake wote. Hakuhitaji mitambo mingi. Wafugaji wa Ulaya na Marekani, ambao marijani zao zilikuwa zikifa moja baada ya nyingine, walichelewa kumsikiliza. Baadaye wafugaji wa Berlin wakashika njia hiyo, wakaongeza taa kali na mtambo unaotoa uchafu kwa njia ya povu, na hadi leo watu wanaiita njia ya Berlin. Jina la Jakarta halikuingia. Hayo nayo ni historia.

Basi dunia ikataka mawe hai. Yakatolewa Florida, Fiji, Tonga, Indonesia, yakafungwa kwenye magazeti yaliyoloweshwa, yakapakiwa kwenye ndege. Njiani sehemu ya viumbe walikufa. Mnunuzi akifungua sanduku anapokelewa na harufu ya soko la samaki saa kumi jioni. Alilazimika kuyaweka kwenye pipa la maji ya chumvi wiki kadhaa mpaka kilichokufa kioze kiishe. Na kule yalikotoka, mwamba ulibaki na mashimo. Matumbawe hayo ndiyo nyumba ya samaki, ndiyo yanayovunja nguvu ya wimbi kabla halijafika ufukweni.

Sheria zikafuata. Kuanzia 1990, marijani ngumu zote ziliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo kuzivusha mpaka kunahitaji kibali, na mawe hai nayo yakahesabiwa humo. Katika bahari inayosimamiwa na serikali kuu ya Marekani pale Florida, uchimbaji wa mawe hai ya asili ulipigwa marufuku kuanzia 1997. Wachimbaji wakageuka kuwa wakulima: wananunua mawe ya nchi kavu, wanayazamisha katika maeneo waliyokodi baharini, wanasubiri miaka, halafu wanavuna. Wengine wakaamua kuanza na jiwe kavu moja kwa moja: mabaki ya miamba ya kale yaliyochimbwa nchi kavu, au mawe ya kutengenezwa kwa saruji. Jiwe kavu halina mdudu mharibifu, halina mwani usiotakiwa, na halikung'olewa kwenye mwamba ulio hai. Ila halina pia kile kinachofanya jiwe hai kuwa na maana. Ni mji usio na watu. Wewe ndiye unayetakiwa kusubiri wakazi wahamie.

Ndiyo kazi niliyopewa uani kwa nyanya.

Siku ya kwanza nilisugua kila jiwe kwa mswaki wa zamani na kuchokonoa vitundu kwa msumari. Zikatoka konokono zilizokauka, mizizi, vumbi la kahawia. Kisha mawe yakalala siku kadhaa kwenye pipa lenye maji na Jik, sehemu moja ya Jik kwa sehemu kumi za maji, ili ile mizoga midogo iliyojificha ndani iliwe. Yakasuuzwa, yakaanikwa juani mpaka harufu ikaisha kabisa. Baada ya hapo fundi akaja na asidi. Unaiongeza kwenye maji, wala si maji kwenye asidi, mahali penye upepo, ukiwa na glavu na miwani. Jiwe likiingia linachemka povu, kwa sababu asidi inakula tabaka la juu la chokaa, na pamoja na tabaka hilo inaondoka sehemu ya fosfeti iliyogandamana nalo. Fosfeti ikibaki, inavuja polepole ndani ya tangi na kulisha mwani, sebule ya tajiri ikageuka bwawa la kijani.

Fundi alinipa makatazo mawili, na akayarudia mara tatu. Usikutanishe Jik na asidi hata siku moja, kwa sababu itatoka gesi ya klorini, na mapafu yako hayana vipuri. Na usichemshe mawe kwenye sufuria ukidhani unaua vijidudu. Baadhi ya viumbe wanaoota juu ya mawe ya bahari wana sumu kali inayopanda na mvuke, na kuna watu waliolazwa hospitali, wao na familia zao, kwa sababu ya sufuria hiyo.

Nyanya alikuwa akitazama yote hayo kutoka barazani. Kwake haikuwa kazi ngeni. Babu yake alikuwa fundi wa chokaa. Alinieleza jinsi tanuri lilivyopangwa: magogo chini, kwa duara, mawe ya matumbawe juu, linawashwa na kuachwa liungue. Yanayobaki yanaachwa nje miezi, yanyweshwe na mvua na umande, kabla ya mtu kuyapaka ukutani. "Chokaa ukiiharakisha hukudanganya," akasema. "Waipaka leo, yang'aa. Baada ya mwezi yapasuka vidoto vidoto." Mabaki ambayo hayajashiba maji yanavimba ndani ya ukuta na kuutoboa.

Kuna jambo jingine ambalo nililisoma na kumsomea. Mafundi wa zamani wa pwani hii, wale waliojenga Gede na Kilwa, walitumia aina mbili za jiwe. Kuta nene zilijengwa kwa matumbawe ya nchi kavu. Lakini kwa mihrabu na mapambo ya milango walikata marijani ya baharini, ile wanasayansi wanayoiita Porites. Ikitoka majini ni laini, inachongeka. Ikikauka inakuwa ngumu. Kwa hiyo wao walilitoa jiwe likiwa hai, wakalikausha ili watu waishi ndani yake. Mimi nilikuwa na jiwe lililokauka, nikitakiwa kulirudisha majini ili samaki aishi ndani yake. Nyanya akasema, "Basi wewe warudisha deni." Sikuwa na jibu.

Mawe yakahamia kwenye pipa la maji ya chumvi, gramu 35 kwa kila lita, pampu ikizungusha, hita ikiyaweka kwenye nyuzi 26, na mfuniko juu ili kuwe giza, mwani usipate mwanga. Tukatia amonia kidogo ya kupimwa, chakula cha bakteria, na chupa ya bakteria wa kuanzia. Kila jioni nilichota maji kwenye kichupa, nikatia matone, nikatikisa, nikalinganisha rangi na kadi. Njano maana yake hakuna amonia. Kijani maana yake bado. Wiki ya kwanza, kijani kibichi. Wiki ya pili, kijani. Wiki ya tatu mawe yakahamishiwa Nyali kwenye tangi lenyewe, yakapangwa kama mlima wenye mapango. Yalipendeza sana. Nikapima: kijani hafifu.

Alhamisi hiyo, fundi akiwa safarini, mwenye nyumba akanipigia. Jumamosi binti yake alikuwa anatimiza miaka saba, na watoto watakuja kuona samaki. Nikamwambia tusubiri kama wiki tatu hivi. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba salio la malipo litatumwa samaki wakiingia. Nilikuwa na deni dukani. Nikatazama ile rangi tena chini ya taa ya njano ya jikoni, na chini ya taa hiyo karibu ilionekana njano.

Nikasema sawa.

Samaki sita waliletwa Jumamosi asubuhi ndani ya mifuko ya plastiki. Wadogo, rangi ya chungwa, mistari myeupe. Hawa hawakuja kwa ndege. Walivuliwa mmoja mmoja na mpiga mbizi wa pwani yetu, mwamba uleule ninaouona povu lake kutoka Forodhani. Watoto walipiga makofi. Hela iliingia saa tisa. Jumapili usiku samaki walikuwa juu, wakihema haraka haraka mdomoni mwa maji. Jumatatu wanne walikuwa wamekufa. Kipimo kilikuwa kijani ambacho hata taa ya jikoni isingeweza kukitetea.

Mizoga midogo ile ndiyo niliyoitoa mimi kwa wavu wa chai. Wawili waliobaki nikawahamisha kwenye tangi la fundi. Aliporudi hakupiga kelele. Aliuliza swali moja.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Na hapo ndipo paliponiuma, kwa sababu siwezi kusema sikufundishwa. Nilifundishwa chuoni, nikafundishwa tena na fundi, nikasoma habari za Thynne na Gosse na Berlin mpaka saa nane usiku. Siku zote nilikuwa nikiwahukumu wale Waingereza wenye patasi. Kumbe wao walikuwa na udhuru kuliko mimi. Winogradsky alikuwa hajazaliwa.

Nilirudisha hela ya samaki. Fundi akanituma Bamburi Jumapili iliyofuata, akasema nikaangalie kitu, asinieleze nini. Ni ile bustani iliyo kwenye machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji. Huenda umekwenda na shule, ukaona viboko, ukapiga picha na twiga. Nami nilikwenda nikiwa darasa la sita na sikuona lolote zaidi ya hayo. Lakini ardhi ile yote ni mwamba wa kale wa matumbawe, kutoka enzi bahari ilipokuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Kiwanda kilianza kuuchimba mwaka wa 1954. Kufikia 1971 kulikuwa na shimo kubwa, jeupe, moto kama sufuria, bila udongo, na chini yake maji ya chumvi.

Mwaka huo René Haller alipanda aina 26 za miti humo. Zilizosalimika ni tatu tu. Mmoja ni mvinje, ambao mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani. Mvinje ukamea juu ya jiwe tupu. Lakini majani yake yaliyoanguka hayakuoza, yakarundikana tu. Haller akagundua kwamba majongoo wanayala, akawaleta, wakayala, kinyesi chao kikawa udongo. Ndipo miti mingine ikaweza kushika, ndege wakaja, na wanyama wakaletwa baada ya hapo. Bakteria, mti, jongoo, udongo, na twiga mwisho kabisa.

Mimi nilianza na twiga.

Tulirudi Nyali. Fundi alizungumza na mwenye nyumba, na nashukuru alikubali tangi likae bila samaki, taa zimezimwa, amonia ikipimwa na kutiwa upya. Safari hii hatukuangalia kalenda. Tulisubiri mpaka amonia tuliyoitia jioni iwe imeisha jioni inayofuata, na nitriti pia haipo. Ikachukua wiki sita. Taa zilipowashwa, mawe yakawa kahawia, kisha yakaota nywele za kijani, na mwenye nyumba akanipigia simu akidhani nimeharibu tena. Nikamwambia hiyo ni kawaida kwa jiwe changa, na nikamwonyesha konokono wanavyolisafisha. Sasa hivi ukitazama kwenye pango la kulia, chini kabisa, kuna doa la waridi kubwa kama shilingi. Ni mwani mgumu, ule unaopaka mwamba wa kweli rangi. Hakuna aliyelipaka. Binti wa nyumba ndiye aliyeliona kwanza. Wale samaki wawili wamerudi, na wanalala kwenye pango hilo.

Jiwe moja lilibaki sandukuni, lilikosa nafasi. Nyanya analitumia bafuni kusugulia visigino. Nilimuuliza kama la Marekani ni bora.

"Sawasawa tu na la ukutani," akasema. "Ila hili lina nauli."